Kupasua bakteria kwa kemikali: ute usikutishe

Mara ya kwanza nilipopasua E. koli nitoe protini, nilivuta kwa pipeti kikapanda kitu kizito kama ute wa yai, kikaning'inia hadi mezani. Nikajua nimeharibu, nikamwaga. Kumbe ule ute ulikuwa DNA, na DNA haitoki nje mpaka seli zipasuke. Nilimwaga kazi iliyofaulu.

Siku hizi naanza kwa kuyagandisha mashapo ya bakteria usiku kucha. Kuganda na kuyeyuka kwenyewe kunalegeza utando. Kesho yake, kwa kila gramu natia mililita 5 za bafa baridi (maji yenye pH isiyoyumba): Tris milimola 50 yenye pH 8, chumvi milimola 300, Triton X-100 asilimia 1. Triton ni sabuni ya upole, protini nyingi hubaki na umbo lake. SDS, sabuni kali, itakukunjulia kila kitu, iache kwa ajili ya jeli ya kutenganisha na kuona protini.

Halafu lisozaimu, miligramu 1 kwa mililita, ya kukata ukuta wa seli. Shida ni kwamba ukuta wa E. koli umejificha nyuma ya utando wa nje, na ndiyo maana maelekezo mengi yanataka EDTA: inanyakua magnesiamu inayoushikilia utando huo. Mimi niliifuata bila kufikiri. Protini yangu ilikuwa na mkia wa histidini, nikaipitisha kwenye safu ya nikeli, inayonasa mkia huo, na safu ikageuka kutoka buluu kuwa nyeupe mbele ya macho yangu. EDTA ilikuwa imeing'oa nikeli yote. Kama unatumia nikeli, EDTA iache kabisa. Triton na kule kugandisha kwa jana vinatosha.

PMSF, milimola 1, ya kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini, itie dakika ya mwisho kwa sababu haidumu kwenye maji. Ni sumu, vaa glavu.

Acha kwenye barafu nusu saa, ukigeuzageuza taratibu. Ute ukija, ongeza kimeng'enya cha kukata DNA pamoja na magnesiamu milimola 5 (sababu nyingine ya kuikimbia EDTA). Dakika chache tu utateleza kama maji.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 15,000 g, nyuzi 4, dakika 30. Protini inatarajiwa kwenye maji ya juu, lakini usitupe mashapo kabla ya kuona jeli! Protini ikiwa imejazana huko chini, iyeyushe kwa yurea mola 8, na yurea hiyo usiipashe moto, maana itaharibu protini yenyewe.