Kabla ya Kuigiza Binti Mfalme na Punje ya Njegere: Mambo ya Kuzingatia

Kikundi chenu cha ridhaa kimeamua kuigiza hadithi ya binti mfalme na punje ya njegere, kwa nyimbo na vichekesho. Vizuri sana. Kabla hamjagawana nafasi, soma haya.

Anza na haki. Hadithi yenyewe aliitoa mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, mwaka 1835, na leo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia. Mchezo wa muziki uliotungwa juu yake ni jambo lingine. Once Upon a Mattress, kwa mfano, ulianza kuonyeshwa New York mwaka 1959, na hadi leo unaombewa kibali na kulipiwa. Kutotoza kiingilio hakukuondolei wajibu huo. Kibali kikija, soma masharti yote, maana kwa kawaida huruhusiwi kukata wimbo wala kubadili maneno bila kuuliza. Usichapishe bango hata moja kabla hujakishika mkononi.

Kwenye usaili, mkimbize mtu jukwaani kwanza, halafu ndipo aimbe. Mchezo wa kuchekesha hauimbwi mtu akiwa amesimama wima.

Mpiga kinanda awepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Kisha kuna vicheko. Kufikia wiki ya tatu hakuna anayecheka tena mazoezini, kwa sababu nyote mnaijua mizaha kwa moyo. Waigizaji wanazoea kupokezana maneno bila kupumua. Siku ya onyesho ukumbi unalipuka kwa kicheko, na sentensi tatu zinazofuata zinamezwa, pengine ndizo zinazobeba kisa. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho alika watu watano au sita wasiojua chochote, waje kukaa mbele. Wafundishe waigizaji kukisikiliza kicheko: kiache kipande juu, kikianza tu kushuka, sema. Ukingoja kife kabisa, umeulaza mchezo.

Sasa kitanda. Hapa tukae kidogo, na tafadhali usiruke.

Katika hadithi ya Andersen binti mfalme analala juu ya magodoro 20 na matandiko mengine 20 ya manyoya, na punje ya njegere imefichwa chini kabisa. Kikundi chetu kilipoiigiza, tulitosheka na magodoro 20, na tukaamua yawe ya kweli. Kila mtu akaleta la nyumbani kwake. Hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu: godoro la sentimita 10 mara 20 ni mita mbili, hapo hujaweka mtu. Na sponji inabonyea. Safu ya magodoro si sakafu, inainama kila unapohamisha uzito. Miezi miwili yote binti mfalme wetu alifanyia mazoezi juu ya meza. Magodoro yalipangwa jukwaani jioni moja kabla ya onyesho.

Akaja amevaa gauni refu kwa mara ya kwanza, akapanda ngazi iliyoegemezwa tu ubavuni, huku anaimba. Alipofika kama godoro la kumi na nne akaweka goti ili ajivute. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari la mchezo mkononi. Nilisikia vitambaa vikisuguana, kisha safu yote ya juu ikateleza kuelekea mbele, naye juu yake. Aliangukia magodoro, Mungu alimnusuru, lakini alikuwa ametanguliza mkono, na kifundo kikavunjika. Kinanda kiliendelea mistari miwili zaidi, kwa sababu mpigaji alikuwa ametupa mgongo. Kazi ya kukijaribu kitanda kile ilikuwa yangu, na sikuifanya. Mwigizaji wa akiba hatukuwa naye, basi na onyesho likafa pale pale.

Kwa hiyo usirundike magodoro. Unda fremu ya mbao ngumu iliyo wazi ndani, ifunike juu kwa plaiwudi, kisha upande wa watazamaji pigilia vipande vya sponji tabaka kwa tabaka, kila kimoja na kitambaa chake cha rangi. Kutoka kwenye viti watu watahesabu magodoro 20. Juu weka godoro moja tu halisi, lifungwe. Ngazi iwe sehemu ya fremu, kwa nyuma, imekazwa kwa skrubu, na kuwe na kishikio huko juu. Magurudumu yawe na breki, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuzifunga. Pima milango na njia za pembeni kabla hujakata ubao wowote. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, basi tafuta iliyowekwa dawa ya kuzuia moto, na uitenge na taa za joto. Kumbuka pia kwamba kichwa cha mwigizaji nacho kimesogea juu kwenye taa hizo. Kitanda kikikamilika, wapandishe watu wazima wawili, wakitingishe. Binti mfalme aanze kukipanda mapema, si wiki ya mwisho, akiwa na sketi yenye urefu wa ile ya onyesho.

Na tafuta mwigizaji wa akiba.

Mengine ni haya: betri mpya za maikrofoni kila onyesho, taji lifungwe kwa pini, lisiangukie okestra, mishumaa iwe ya betri, upanga wa mbao nao unatoboa jicho, msitu wenu wa maboksi usizibe mlango wa dharura, maji yakimwagika, yafutwe kabla ngoma haijaanza. Na chochote kitakachombeba mtu, kitakachoning'inia au kuwaka moto, kijaribuni mchana, taa zote za ukumbi zikiwaka, pasiwe na mtu anayeimba.