Kuacha kubeti kwa kuihesabu nafsi kila usiku

Anayeapa siku ya Ijumaa kwamba hatabeti tena maishani, mara nyingi Jumamosi jioni yuko tena kwenye kibanda cha mpira. Imani anayo. Kinachomwangusha ni kwamba kiapo hakimwambii afanye nini saa kumi na mbili jioni, simu ikiwa na salio na wenzake wakitaja timu. Wanazuoni wa malezi ya nafsi waliigawa kazi hii katika siku moja moja: sharti asubuhi, uangalizi mchana, hesabu usiku, na adhabu ndogo kwa aliyeteleza. Azma ya moyo iwe ya kutorudi kabisa, maana bila hiyo hakuna toba. Ila usiape. Yamini ikivunjwa ina kafara: kulisha au kuvisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Hukumu hiyo imo katika Al-Maida aya ya 89, na aya inayofuata ndiyo inayokataza kamari.

Acha leo, kisha chukua daftari uandike wiki nne zilizopita. Usitegemee kumbukumbu, fungua ujumbe wa pesa kwenye simu na unakili saa na kiasi cha kila muamala. Pembeni andika ulikuwa wapi na nani, na nini kilitangulia: njaa, deni, ugomvi nyumbani, au abiria wamepungua stejini. Jumlisha. Jumla hiyo huuma kuliko mawaidha mengi, na saa zile zinaonyesha mlango wa kufunga kwanza.

Kwa wengi mlango huo ni wikiendi jioni. Mechi za Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwao, hapa Uganda huanza saa kumi na mbili jioni tangu mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, na saa kumi na moja miezi mingine. Basi Jumamosi swali Alasiri msikitini na ubaki humo hadi Magharibi, ukisoma nusu juzuu ya Qur'ani na kuleta istighfari mia. Simu iache nyumbani. Asiyeweza kuacha kazi, kama dereva wa boda, azime data na apite njia isiyo na duka la kubeti, hata ikiwa ndefu. Futa programu zote, na pesa za siku mkabidhi mke, mama au mtunza hazina wa kikundi cha akiba kabla ya Alasiri. Kubaki na pesa mfukoni ili kujipima ni kosa tunaloliona sana, na ndilo huwarudisha watu upesi.

Sharti la asubuhi ni sentensi moja baada ya Alfajiri: leo, mpaka nilale, siweki hata shilingi mia. Tamaa ikija mchana, tia udhu na ungoje dakika ishirini bila kushika simu. Hupanda, kisha hushuka.

Saumu ndiyo inayokufundisha jambo hilo mwilini. Funga Jumatatu na Alhamisi. Wiki mbili za kwanza siku moja inatosha. Kwa kuwa ikweta inapita nchini mwetu, urefu wa saumu haubadiliki sana mwaka mzima: saa kumi na tatu na dakika kadhaa. Usiruke daku. Mwenye kisukari au mjamzito amuulize daktari kwanza. Na kufunga huku unafuatilia odi, yaani viwango vya malipo ya kubeti, kwenye simu ni kushinda njaa tu.

Usiku, baada ya Isha, tenga dakika kumi. Andika kwenye daftari: tamaa ilikuja saa ngapi, nilifanya nini, shilingi ngapi zimesalimika. Usiandike insha. Anayeandika kurasa tatu siku ya kwanza huchoka siku ya tano.

Ukiteleza, swali rakaa mbili za toba na utoe sadaka siku hiyohiyo. Mtume (s.a.w.) alimwamuru atoe sadaka hata yule aliyemwambia mwenzake tu, "njoo tucheze kamari." Kiasi kipange mapema na kiwe chepesi, mfano shilingi 2,000. Wapo wanaojiwekea adhabu ya kufunga mwezi mzima. Hailipwi, inalimbikizana, mwisho mtu anaacha vyote. Wala usitoe pesa ya chakula cha watoto ili kujiadhibu. Mwambie mtu mmoja mwaminifu, sheikh wako au kaka yako, usiitangaze dhambi kwa watu wote.

Deni lishughulikie mapema, kwa sababu ndilo linalonong'ona "beti mara moja tu, urudishe." Nenda kwa anayekudai, taja kiasi kidogo cha kila wiki, na ukilipe. Haki ya mtu haifutwi kwa istighfari peke yake.

Njia hii tumeieleza kwa kubeti, na inafaa pia kwa mairungi (miraa) au usengenyaji. Kwa anayekunywa waragi, pombe kali, kila siku ni tofauti: akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege la kuua. Huyo aanzie hospitali, kama Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Kampala, yenye kitengo cha ulevi na dawa za kulevya, na daftari aende nalo hukohuko.