Sinema ya boksi yenye sauti: glopu la maji, kioo na simu

Wa zamani mnaikumbuka hii, negativu za studio zimekatwa, glopu la maji mbele ya boksi, mmoja yuko nje anapiga kioo juani na nyie wengine mmejazana gizani mnatazama ukuta, sauti ni ya mdomo wa mwenye boksi. Marekani walikuwa na ya dukani, miaka ya 1960 General Electric walitoa Show'N Tell, juu santuri, chini kiskrini kama tivii, na picha zinabadilika zenyewe santuri ikizunguka. (Ukiletewa moja, jua ni ya umeme wa Marekani wa 60Hz, hata ukiweka transfoma ya kushusha volti mota itazunguka taratibu kwa 50Hz yetu na msimuliaji atakuwa na sauti nzito mpaka mcheke.) Sisi tutengeneze yetu.

1. Tafuta glopu la zamani la nyuzi, lisilo na rangi. Enaji seva achana nazo kabisa, zina zebaki. Toboa kitako kwa plaizi na bisibisi, toa nyuzi taratibu, kazi hii ni ya mtu mzima na avae glavu. Suuza, jaza maji safi mpaka juu kusibaki povu, ziba.

2. Boksi la viatu, toboa mbele glopu likae kwa kubana, nyuma acha wazi mwanga wa kioo cha huko nje uingilie hapo. Hapa ndo penye kazi. Kama glopu lina upana wa sm 6, picha ikae ndani ya boksi kama sm 3 tu nyuma ya glopu, sio kuligusa glopu lenyewe, sio mwisho wa boksi. Kata mfereji wa kupitishia mkanda wa picha hapo halafu sogeza mdogo mdogo mpaka ukutani paonekane vizuri. Ukuta ukiwa mita moja na nusu, negativu ya kawaida inatoa picha ya karibu sm 60 kwa 90. Pembeni kutakuwa na ukungu, ndo glopu lilivyo, bandika kadi yenye tundu dogo mbele yake.

3. Picha: kama huna negativu chukua nailoni ngumu za kubaindia za stesheneri, chora kwa maka pen, unganisha kwa selotepu. Ziingie kichwa chini maana glopu linageuza. Mimi huwachorea kamongo anavyojizika kwenye tope ziwa likikauka, watoto wa huku Igoma wanamjua.

4. Sauti. Rekodi hadithi kwenye simu, kila picha ikiisha gonga glasi kwa kijiko, ting, nyamaza kidogo, endelea. Shule za Marekani mikanda ya picha ilikuja na santuri yenye mlio hivyohivyo wa kumwambia mwalimu azungushe. Mpe bibi arekodi, usisome wewe kwa sauti ya mtangazaji. Simu iweke ndani ya sufuria isikike.

5. Jua: Mwanza tupo karibu na ikweta, saa sita liko utosini na kioo kinasumbua, fanya saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Mbele ya glopu mwanga unakusanyika kidoti kinachounguza, mtoto asiweke jicho wala mkono, na boksi lisiachwe juani mkienda kula. Maji yakianza ukijani, badilisha.