Namna ya Kulinda Ini la Mtoto Aliye Tumboni Dhidi ya Moshi wa Sigara

Mjamzito anayevuta sigara huonywa kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na uzito pungufu au kabla ya wakati, lakini ni nadra kuelezwa habari za ini. Damu inayotoka kwenye kondo la nyuma hufika kwenye ini la mtoto kwanza, na ni sehemu yake tu inayopita njia ya mkato kuelekea moyoni. Nikotini hulivuka kondo kwa urahisi, nayo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi, hushika nafasi ya oksijeni katika damu, wakati ambapo ini hilo changa lingali na kazi ya kutengeneza chembe za damu.

Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Scotland, kikiwemo cha Edinburgh, waliotesha tishu za ini kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa tishu za aina mbalimbali, na kuzitia kemikali za sigara. Kemikali zilipochanganyika zilidhuru kuliko kila moja peke yake. Tishu za kiume zilionyesha makovu, na za kike zikavurugika zaidi katika utendaji wa seli. Hayo yalitokea maabara, si kwa watoto wenyewe, lakini kwangu yanatosha kumfanya mama asisubiri.

Anza kwa kumweleza mkunga ukweli katika hudhurio la kwanza la kliniki: unavuta sigara ngapi, na ya kwanza huiwasha saa ngapi, kwa kuwa anayeivuta mara tu anapoamka huwa ametekwa zaidi na atahitaji msaada mkubwa zaidi. Kisha panga siku ya kuacha, iwe ndani ya wiki hiyo. Kupunguza hakutoshi, maana mtu aliyezoea kumi akibakiza tatu huzivuta kwa nguvu na kwa kina zaidi. Hata kama mimba imefika miezi sita, acha: kaboni monoksaidi huondoka katika damu ndani ya siku moja au mbili.

Arosto, kama wavutaji wenyewe wanavyoiita hamu kali ya sigara, huja kwa mawimbi ya dakika chache. Kunywa maji, tembea, tafuna kitu, ondoka mahali ulipozoea kuvutia. Usihamie kwenye ugoro, kwa sababu nikotini ni ile ile, wala kwenye shisha, ambayo mkaa wake hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, ingawa wapo wanaoiona bado kama burudani isiyo na madhara. Vibandiko vya nikotini visitumiwe bila daktari, kwani mwili wa mjamzito huiondoa nikotini haraka kuliko kawaida na kipimo chake huhitaji uangalizi.

Katika nyumba nyingi za kwetu mvutaji ni baba, si mama. Basi mazungumzo na baba ni sehemu ya tiba: avutie nje kabisa, si dirishani wala ndani ya gari, na akiweza waache pamoja.

Mtoto akizaliwa, angalia macho na choo chake. Manjano ikizidi siku 14, au choo kikiwa cheupe kama chokaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyewahi kuvuta sigara nyumbani.