Kutoka Kigoma mpaka Fish River Canyon: jinsi ya kujipanga usije ukaadhirika jangwani

Mtu wa Kigoma akisikia hifadhi ya taifa tayari utaratibu anaujua kichwani, unachukua boti pale Kibirizi, ukifika Gombe unapokelewa, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza na bila yeye hupandi kilima hata hatua moja. Sasa Fish River Canyon, korongo kubwa lililoko kusini kabisa mwa Namibia karibu na mpaka wa Afrika Kusini, ni kinyume chake. Kule unaonyesha kibali, unaonyesha cheti cha daktari, unaandikwa jina halafu unaachiwa korongo wewe na wenzako, hamna kiongozi, hamna kibanda cha soda, hamna netiweki. Kwa hiyo safari hii inafanikiwa au inaharibika wakati bado uko Gungu au Mwanga unapanga begi, na ndo maana nitakaa sana kwenye maandalizi, maajabu mtajionea wenyewe.

Korongo lenyewe kwa kifupi: urefu wake kama kilomita 160, upana kuna sehemu unafika kilomita 27, na kina kama mita 550. Wanamibia wanatamba kwamba ni la pili kwa ukubwa duniani baada ya lile Grand Canyon la Marekani, Waethiopia nao wana korongo la Blue Nile wanasema subirini kwanza, tuwaachie wabishane. Sisi wa ziwani kina hakitutishi, Tanganyika inashuka mpaka mita 1,470, ila letu limejaa maji na hakuna aliyewahi kuliona chini, kule unaliona lote liko wazi, tabaka kwa tabaka mpaka mtoni. Na tuna undugu kidogo, maana sehemu ya juu ya lile korongo ilianza kwa ardhi kupasuka na kudidimia kama ilivyokuwa kwa ziwa letu, mto ukaja baadae sana kuchimba hiyo sehemu ya ndani inayojipindapinda. Mto Fish ndo mrefu kuliko mito yote inayotiririka ndani ya Namibia, kama kilomita 650, ila usitegemee mto wa kama Malagarasi, mvua zikinyesha mwanzoni mwa mwaka unafurika, zikiisha unabaki madimbwi hapa na pale.

Sasa kitu cha kwanza kabisa ni tarehe, maana kushuka ndani kwa miguu kunaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Mei mpaka 15 Septemba tu. Hapo ndo baridi yao, mchana jua la kawaida na usiku baridi kweli kweli, mtu wa Kigoma atatetemeka. Nje ya miezi hiyo joto mle chini linapita nyuzi 40 na kuna hatari ya mafuriko, wanafunga, na hata uwe na hela kiasi gani hushuki. Ukienda Desemba utaishia kuangalia kwa juu, ambayo nayo siyo mbaya, nitaieleza.

Mimi nakushauri Juni au Julai. Mei maji bado mengi na kuvuka mto mara kwa mara kunachosha, Septemba baadhi ya madimbwi yanakuwa yamekauka na yaliyobaki yana rangi ambayo hutaki kuulizwa.

Kibali kinabukiwa kupitia Namibia Wildlife Resorts, wenyewe wanaiita NWR, ndo wanaosimamia kambi ya Hobas juu ya korongo na ile ya Ai-Ais mwisho wa safari. Bukini mapema sana kwa sababu wikiendi na likizo za shule za Afrika Kusini nafasi zinaisha. Masharti ni haya: kundi lisipungue watu 3 na lisizidi 30, mtoto chini ya miaka 12 haruhusiwi, na kila mtu awe na fomu ya afya iliyojazwa na daktari ndani ya siku 40 kabla ya kuanza kutembea. Hizo siku 40 zihesabu vizuri hasa kama unaenda kwa barabara, usikimbilie kupimwa miezi mitatu kabla ukaona umemaliza. Fomu unaiprinti hapa hapa unaenda nayo hospitali ya Maweni au kwa daktari yeyote aliyesajiliwa, anakupima presha, anasikiliza moyo, anasaini na kugonga muhuri. Na usimbembeleze daktari akuandikie uko fiti wakati goti linakusumbua, mle ndani hakuna gari wala bodaboda ya kukutoa.

Suala la watu 3 msilichukulie poa. Tafuteni kundi la watano au sita ambao mmeshawahi kulala nje pamoja mkagombana na mkapatana, maana akighairi mmoja kwenye kundi la watatu dakika ya mwisho basi wote mmekwama. Na mkubaliane kabisa kabla kwamba mwendo ni wa yule anayetembea polepole kuliko wote, tuna kale katabia ka vijana kutangulia mbele kuonyesha mapaja, kule kanaleta matatizo.

Viza hatuhitaji, Mtanzania anaingia Namibia na pasipoti tu kwa matembezi. Beba na kadi ya njano ya chanjo. Na ukifika getini taja kabisa kwamba umetoka nchi ya SADC uonyeshe pasipoti, kiingilio chetu ni cha chini kuliko cha wazungu, ukikaa kimya unaweza ukachajiwa kama Mjerumani.

Njia ziko mbili. Ya ndege ni Kigoma, Dar, Johannesburg, Windhoek. Ya barabara ni kwa wenye muda na mgongo mgumu, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, unavuka Nakonde, Lusaka, Livingstone, unaingia Namibia pale Katima Mulilo halafu bado kuna kama kilomita 1,200 mpaka Windhoek, nchi ile ni ndefu jamani. Shilingi zetu hakuna anayezitaka huko, beba dola ubadili. Dola ya Namibia na randi thamani ni moja na randi inapokelewa madukani Namibia nzima, ila hela ya Namibia ukitoka nayo nje ni shida kuibadili, imalize kabla hujaondoka. Saa zao ziko nyuma yetu kwa lisaa limoja.

Kutoka Windhoek kwenda Hobas hakuna basi linalofika, mnakodi gari mnachanga. Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo hapo mteremko. Unashika barabara ya B1 kwenda kusini mpaka Keetmanshoop, karibu kilomita 500 za lami safi iliyonyooka hadi usingizi unakuja, hapo jaza tenki mpaka juu, nunua maji, halafu B4 mpaka Seeheim, unakata kushoto C12 na baadae C37. Hizo C ni changarawe. Changarawe yao imechongwa vizuri kuliko nyingi za kwetu na ndo hatari yake, dereva aliyezoea mashimo ya zamani ya njia ya Kasulu anaona amefika peponi anakanyaga mia na ishirini, kwenye kona gari linateleza linabinuka. Themanini inatosha. Dai spea mbili kwa wenye gari, kagua jeki mbele yao, na jua likizama muwe mmeshafika maana usiku tandala wanakatiza barabarani, na tandala siyo mbuzi.

Laleni Hobas. Nasisitiza hili hata kwa wale wasiotaka kushuka, usiendeshe kilomita zote hizo kwenda kupiga picha saa saba mchana jua likiwa la utosi, korongo linaonekana limepauka kama vumbi la simenti. Kituo kikuu cha kuangalia kiko kama kilomita 10 kutoka kambini, kiko upande wa mashariki wa korongo kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni kwako linaangaza ukuta wa ng'ambo, unaona rangi zote na ule mpindo mkubwa wa mto chini yako. Kaa hapo hata masaa mawili na chai yako. Mgeni wa siku moja haruhusiwi kushuka hata kidogo, msijifanye mnashuka kidogo tu halafu mnapanda, ni kosa na ndo watu wanavyopotelea humo.

Kwa wanaoshuka, ni kilomita kama 85 kwa siku nne au tano, mimi ningesema tano. Zoezi lianze miezi miwili kabla na bahati nzuri Kigoma yetu ina vilima, panda kutoka stesheni mpaka Mwanga ukiwa na begi la kilo kumi na kitu mgongoni, watu watakuuliza unahamia wapi, wajibu unahama kweli. La muhimu ni kuzoesha magoti kushuka, siyo kupanda tu, kwa sababu siku ya kwanza mnashuka kama mita 500 kwenye mawe yaliyolegea, mwanzoni kuna minyororo ya kushikilia, na hapo viatu vipya ndo vinakutoa kucha. Viatu vivaliwe tangu Kigoma. Kata kucha. Beba na yeboyebo, usicheke, nyepesi, zinakauka upesi na za kuvukia mto hakuna zaidi yake.

Ukishafika chini usidhani kazi imeisha, hizo kilomita kama 15 za mwanzo mpaka kwenye chemchemi za moto za salfa ndo ngumu kuliko zote, ni kuruka jiwe kwa jiwe na mchanga unaomeza miguu. Msipange kufika mbali siku hiyo. Kwenye chemchemi maji ni ya moto kweli, harufu ya yai viza, ila miguu inashukuru. Baada ya hapo bonde linatanuka na mwendo unakuja wenyewe, mto unajipinda na kuna njia za mkato za kupandia mgongo wa kilima kuepuka mizunguko, shika ramani. Mtapita na kaburi la afisa wa Kijerumani, Thilo von Trotha, aliyeuawa mwaka 1905 kwenye vita vya wakoloni na Wanama, kabila la huko kusini mwa Namibia. Ni miaka ile ile ya Majimaji huku kwetu, tulikuwa chini ya Mjerumani huyo huyo.

Maji ya kunywa ni ya mto, kila mtu awe na chombo cha lita tatu na hamruki dimbwi zuri bila kujaza. Chuja kwa kanga, weka dawa ya maji, subiri nusu saa. Kanga mbili kwa kila mtu hata wanaume, ya kuchujia, ya kujifunika jua, taulo, mto wa kulalia. Mahema wengi hawabebi maana mvua miezi hiyo ni ya nadra, mnalala kwenye mchanga chini ya nyota ndani ya begi la kulalia lenye zipu, nene, siyo shuka la Mmasai. Asubuhi kung'uta viatu kabla hujavaa, nge wapo.

Moto wa kuni hauruhusiwi ndani ya korongo kwa hiyo mnabeba jiko dogo la gesi, mtungi wake kwenye ndege haupandi, nunueni Windhoek. Hapo ugali usahau, gesi itaisha siku ya pili. Pika vitu vya dakika tano, uji, tambi, supu ya paketi. Vya kutafuna: karanga, tende, kashata, na chumvi usiiogope maana mtatoka jasho. Dagaa wetu waliokaangwa wakakauka ni chakula cha jangwani hasa, wepesi na wana chumvi, ila vyakula vya mifugo na samaki mpakani vinakaguliwa, wataje wenyewe kabla hujaulizwa na wakikataa waache, madukani Windhoek kuna nyama kavu yao inaitwa biltong, inatosha kabisa. Mawese yabaki nyumbani, yakimwagika kwenye begi la kulalia utayanusa siku tano.

Nyani wa kule na wa Gombe shule yao ni moja, chakula kisilale nje na begi lisiachwe wazi hata mkienda kuoga. Takataka zote mnatoka nazo, hata maganda.

Akiumia mtu kuna njia mbili za dharura za kupandia juu katikati, ziwekeni alama kwenye ramani kabla hamjashuka, na anayetoka asitoke peke yake. Kwa upande wa juu achieni mtu wa nyumbani ratiba yenu na siku mnayotakiwa kufika, maana meseji haitatoka mle.

Mwisho wa njia ni Ai-Ais, kuna mabwawa ya maji moto, mgahawa, na bia baridi kwa wanaotumia. Kumbukeni gari lenu mmeliacha Hobas, kwa hiyo usafiri wa kuwarudisha unalipiwa na ubukiwe tangu mwanzo, pamoja na ule wa kuwapeleka pa kushukia, msifike pale mmechoka mkaanza kuomba lifti kwa watalii. Mlale hapo hapo usiku mmoja, dereva apumzike, ndo mshike njia ya Windhoek.