Kabla ya kumpigia muganga wa mifugo

Ukisema tu "mbwa ana vidonda", muganga hataelewa. Wangu, hapa Himbi, Goma, alipoanza kujikuna, nilimpeleka juani nikagawanya manyoya kwa vidole. Ukingo wa sikio ulikuwa na magamba makavu ya kijivu. Nilipousugua, mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewa. Hiyo huashiria upele wa utitiri, vidudu vidogo sana vya ngozi.

Eleza mahali, ukubwa kwa rula, rangi, kavu au majimaji. Kipele chenye usaha si sawa na kivimbe kigumu.

Paka akiwa na duara lisilo na manyoya, lenye magamba, shuku fangasi: huambukiza watu, hasa watoto. Na tafadhali, usipake oili chafu ya gari. Inaunguza ngozi, na mnyama atailamba.