Namna ya Kushirikiana na Wataalamu Ili Mtoto Mwenye Ulemavu Awasiliane, Asome na Kuandika

Mtoto asiyezungumza, au anayezungumza kwa namna inayoeleweka na watu wa nyumbani tu, kwa kawaida hupelekwa kwa mtaalamu kwa shabaha moja: apate kusema. Kusoma na kuandika huwekwa kando hadi usemi utakapokuja, na kwa watoto wengine usemi huo hauji kamwe. Utaratibu huu una kasoro kubwa, kwa kuwa kadi za picha, ambazo mtoto hupewa azionyeshe badala ya kusema, humwezesha kusema yale tu ambayo mtu mzima alikumbuka kumwandalia, ilhali anayejua herufi aweza kusema jambo lolote. Kwa hiyo, katika kikao cha kwanza kabisa mweleze mtaalamu kwamba unataka mawasiliano na usomaji vianze kwa pamoja, na akijibu kuwa mtoto hajafikia hatua hiyo, mwombe aeleze ni kipimo gani kilichomwonyesha hivyo.

Kabla ya hapo hakikisha macho na masikio ya mtoto yamepimwa, maana si ajabu mtoto kuhesabiwa kuwa haelewi kumbe hasikii. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha ndiye anayeongoza kazi ya mawasiliano. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo hushughulikia namna mtoto anavyokaa na anavyotumia mikono, jambo lenye uzito mkubwa kwa mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hawezi kuelekeza kidole kwenye picha ikiwa nguvu zake zote zinaishia katika kujizuia asianguke kitini. Mtoto kiziwi anahitaji mapema watu wanaoijua vyema lugha ya alama, wakiwamo viziwi wenyewe, na mtoto asiyeona anahitaji mwalimu wa nukta nundu, maandishi ya vitone yanayosomwa kwa vidole ambayo Louis Braille aliyachapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1829.

Siku chache kabla ya miadi, andika jinsi mtoto anavyowasiliana sasa hivi, hata kama inaonekana ni mambo madogo: anageuza shingo kuelekea mlangoni anapotaka kutoka, anakaza vidole anapochoka, anacheka kabla ya sehemu fulani ya hadithi anayoijua. Video fupi ya simu iliyochukuliwa nyumbani itamsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu, kwani mtoto aliye katika chumba kigeni mara nyingi hufanya machache kuliko anayoyaweza.

Hatua inayofuata, mara nyingi, ni ubao wa mawasiliano, yaani ubao wenye maneno na picha ambazo mtoto huzigusa ili kusema. Wazazi wengi hutarajia ubao uliojaa majina ya vitu, lakini maneno yenye kazi kubwa zaidi ni yale yanayotumika kila mahali, kama vile taka, si, zaidi, acha, enda, ona, yule. Mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, Marekani, ulijenga ubao wake wa msingi juu ya maneno 36 tu ya namna hiyo. Mtu mzima ndiye anayetangulia kuutumia: anasema "sitaki" huku akigusa si, kisha taka, bila kumlazimisha mtoto amwige. Mwombe mtaalamu akuonyeshe jambo hili mkiwa mnasoma kitabu. Tuseme ukurasa una mbwa aliyetumbukia topeni. Unagusa ona, unasema "ona yule", kisha unanyamaza na kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo, ukimtazama mtoto kwa utulivu. Ukimya huo ndio unaowashinda watu wazima walio wengi, nao ndio unaompa mtoto nafasi. Akigusa acha, lipokee neno hilo kama maoni kamili: "Ndiyo, mbwa, acha matope!" Usimuulize maswali ya mtihani, kama vile mbwa yuko wapi, kwa sababu usomaji wa namna hiyo humchosha haraka.

Wengine huhofia kwamba ubao utamfanya mtoto aache kusema. Tafiti hazijaunga mkono hofu hiyo. Kwa baadhi ya watoto usemi umeongezeka kidogo.

Katika kuandika, mtoto apewe alfabeti nzima tangu siku ya kwanza, wala si herufi za jina lake pekee. Asiyeweza kushika kalamu aweza kupewa kibao cha herufi, au mtu mzima amwonyeshe herufi moja baada ya nyingine naye akubali kwa kukonyeza jicho au kuinua mkono. Mwanzoni ataandika mfululizo usio na maana, tuseme KKMAO, na hapo usisahihishe chochote: hiyo ndiyo michoro ya ovyo ambayo mtoto mwingine huichora ukutani kwa penseli.

Kuna mtaalamu wa kukimbiwa. Akishika mkono au kiwiko cha mtoto wakati wa kuchagua herufi, kisha sentensi nzuri zikatokea ghafla, sitisha kazi hiyo, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba mwandishi halisi ni yule anayeshika mkono, hata kama mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani, ASHA, kilitoa msimamo mwaka 2018 kwamba njia hiyo isitumike.

Kikao kisiishe kabla wewe mwenyewe hujafanya zoezi mbele ya mtaalamu naye akakurekebisha. Kataa malengo ya jumla kama "kuboresha mawasiliano". Dai lengo linaloonekana, kwa mfano kwamba mtoto ataanzisha mazungumzo kwa ubao wakati wa kusoma bila kuulizwa. Shule ikisita kuupokea ubao darasani, waelekeze kwenye ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, inayotaja nukta nundu, lugha ya alama na njia mbadala za mawasiliano, kisha mwombe mtaalamu aende kumfundisha mwalimu kuutumia. Tengeneza nakala kadhaa za ubao, moja ibaki shuleni na nyingine nyumbani, na mtaalamu akihama mwombe akuachie faili lake pamoja na taarifa iliyoandikwa ya mahali mlipofikia.